Tiketi moja, bembea ngapi? Hesabu ya Ghuba kwa mwenye kigegezi

Sikukuu ya Idi pale Makadara, Mombasa, au Mnazi Mmoja, Unguja, bembea hulipiwa moja moja. Mtoto akipanda ile ya kuzunguka na kushuka mate yamemjaa kinywani, hasara yake ni ile sarafu aliyotoa tu. Zilizobaki mfukoni anakwenda kuzimalizia kwenye ubuyu na kachiri, moyo ukishatulia.

Dubai na Abu Dhabi mambo ni mengine. Kule unalipa mara moja langoni, kisha unaambiwa panda utakacho, mara utakazo, mpaka wafunge. Kwa mwenye tumbo la chuma, hiyo ni biashara nzuri. Kwa sisi tunaochafukwa na moyo hata tukisoma ujumbe wa simu ndani ya matatu, huko ni kulipia karamu nzima ilhali utakula sahani mbili. Na kila likizo ya Agosti na Desemba jamaa zetu wanapanda ndege kwenda kuwaona ndugu walioajiriwa huko, na watoto hawakubali kurudi bila kwenda kwenye bembea kubwa. Basi tupige hesabu kabla ya kufika langoni.

Kwa bei za miaka hii ya karibuni, tiketi ya siku moja katika bustani kubwa za michezo za huko huwa kati ya dirham 300 na 400. Dirham imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.67, kwa hiyo ni kama dola 82 hadi 109. Kwa Mkenya hiyo ni zaidi ya shilingi 10,000 kwa mtu mmoja, na hujanunua hata maji. Chukua tiketi ya dirham 350. Ukimudu bembea kumi, kila moja imekutoka kwa dirham 35. Ukimudu tatu, halafu ukashinda kwenye benchi ukilinda mikoba ya wenzako, kila moja imekutoka kwa dirham 117 hivi, yaani zaidi ya shilingi 4,000 za Kenya. Matangazo yatakuhesabia bembea zote zilizomo ndani. Wewe hesabu zile utakazoshuka ukiwa mzima.

Ili uzihesabu sawasawa, jua kwanza kinachokuchafua. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, inayouambia ubongo kichwa kinageukia wapi, na vijifuko viwili vinavyopima kwenda mbele, kupanda na kushuka. Macho nayo yana habari zao. Habari za macho na za sikio zikipingana, mwili unaanza kulalamika: miayo, jasho baridi, mate mengi, kisha yale mengine tusiyoyataja kabla ya chakula. Halafu kuna mtikisiko wa polepole wa kwenda na kurudi. Unaosumbua zaidi ni ule unaojirudia kila baada ya sekunde tano hivi. Ndiyo maana mawimbi marefu ya mkondo wa Nungwi, kati ya Unguja na Pemba, humlaza chini mwanamume wa miraba minne, ilhali barabara ya mashimo humvunja kiuno tu. Ile meli ya bembea inayoning'inia na kuyumba mbele na nyuma, inayoonekana ya kitoto, huyumba karibu na kipimo hichohicho. Ukilazimishwa kuipanda, kaa katikati. Ncha zake mbili ndizo zinazosafiri mbali zaidi.

Kwa hiyo maadui wako ni watatu: skrini kubwa inayokwenda wakati kiti chako hakiendi, kuzunguka, na kuyumba polepole. Kasi haimo katika orodha hiyo, na hapo ndipo watu wengi wanapochagua vibaya. Wanaikimbia rolakosta kubwa kwa sababu inatisha, wanakwenda kujipumzisha kwenye vikombe vya kuzunguka au kwenye sinema ya viti vinavyotikisika, na huko ndiko wanakoharibikiwa.

Tuanze na Ferrari World, iliyofunguliwa mwaka 2010 katika Kisiwa cha Yas, Abu Dhabi. Bembea yake yenye jina, Formula Rossa, hufikia kilomita 240 kwa saa kwa takriban sekunde tano, na abiria huvalishwa miwani ya kukinga macho na upepo na mchanga. Ilipofunguliwa hapakuwa na rolakosta yenye kasi kama hiyo duniani. Lakini itazame kwa jicho la mwenye kigegezi. Haipindui mtu kichwa chini, huelekea mbele muda wote, macho yanaona njia ileile ambayo sikio linaihisi, na safari nzima huisha kwa kama dakika moja na nusu. Wengi wetu tunashuka magoti yakitetemeka na tumbo limetulia. Wasioifaa ni wajawazito, wenye maradhi ya moyo, na wenye shingo au mgongo mbovu. Na aliye chini ya sentimita 140 hatapandishwa. Fiorano GT Challenge, ambamo treni mbili hushindana kwa kilomita 95 kwa saa, nayo inavumilika. Flying Aces ina kitanzi cha mita 52, hiyo naiachia nafsi yako iamue.

Ndani ya bustani hiyohiyo kuna mitego. Tyre Twist ni vikombe vya kuzunguka vilivyovalishwa sura ya matairi; pita mbali. Speed of Magic inategemea skrini. Mission Ferrari, iliyofunguliwa 2023, imechanganya rolakosta na skrini pamoja na kipande cha reli kinachoanguka kando. Kama huna budi, iwe ya mwisho wa siku. Turbo Track hurusha watu mbele na nyuma, na kurudi kinyumenyume ni karaha kwa sikio kwa kuwa macho hayajui kinachokuja. Bell'Italia, kigari cha polepole kinachopita katika mfano mdogo wa Italia, ni mahali pazuri pa kutulizia moyo kati ya bembea na bembea. Nikijumlisha, mwenye kigegezi asiyeogopa mwendo anapata sehemu nzuri ya fedha zake hapa.

Jirani yake ni Warner Bros. World, iliyofunguliwa 2018 yenye bembea na maonyesho 29, yote chini ya paa. Watu huisifu kuwa ya familia, na kwa mtoto anayewapenda Tom na Jerry ni kweli. Lakini angalia orodha: Batman: Knight Flight, Green Lantern, Justice League, zote ni kukaa mbele ya skrini huku kiti kikikusukasuka. Swiss Cheese Spin ya hao Tom na Jerry ni vigari vinavyojizungusha huku vikienda, tena bila mpangilio wa kutabirika. Wewe unabakiwa na mashua ya Flintstones, jumba la Scooby-Doo na mambo ya kutazama. Kwa bei inayokaribiana na ya Ferrari World, hiyo ni hasara. Kukosa kutisha hakumaanishi kukosa kuchafua.

IMG Worlds of Adventure ya Dubai, iliyofunguliwa 2016, iko katikati. Velociraptor ni rolakosta inayotoka nje ya jengo kwenda jangwani na kurudi, ya kuelekea mbele, inafaa. Ila bembea ya Spider-Man hujizungusha, Thunder Spin ya Thor jina lake limesema yote, na zile za Avengers na Hulk ni za skrini. Hapa utapata nusu ya ulicholipia, zaidi kidogo ukiwa na bahati.

SeaWorld Abu Dhabi, ya mwaka 2023, ni hesabu tofauti kabisa. Bembea zake ni chache. Unacholipia hasa ni samaki. Hodhi moja tu pale lina zaidi ya lita milioni 25 za maji, na kulitazama ukiwa umesimama kwenye sakafu isiyotikisika hakujamchafua mtu. Rolakosta ya Manta ipo kwa wanaoitaka, na chumba cha skrini cha Hypersphere 360 kipo cha kukwepwa. Mtu asiyepanda hata bembea moja hapa hajatupa fedha.

Na kwa anayetaka ule utaratibu wa Makadara, upo Global Village ya Dubai. Hufunguliwa msimu wa baridi, kuanzia Oktoba hadi karibu Mei, kiingilio chake ni sehemu ndogo tu ya tiketi za bustani kubwa, na bembea za humo hulipiwa moja moja kwa kadi unayoijaza fedha. Familia yenye watu watano na mmoja wao wa kutapika isitazame pengine. Huyo mmoja anaingia, anakula, anazunguka mabanda ya nchi mbalimbali, na hakuna aliyemlipia rolakosta asizozipanda. Kosa ni kuijaza kadi kwa pupa.

Lipo pia gurudumu la Ain Dubai, lenye urefu wa mita 250. Mzunguko mmoja huchukua kama dakika 38, kwa hiyo mwendo wenyewe huusikii, na chumba kimefungwa na kina kiyoyozi. Tiketi inapita dirham 100 kwa jambo moja tu, nami naona ni ghali, lakini kwa tumbo ni salama kuliko teksi iliyokupeleka.

Walioko Marekani wana mfano ambao laiti bustani nyingine zingeuiga. Katika bustani ya EPCOT, Florida, bembea ya Mission: Space ina foleni mbili: ya rangi ya chungwa huzungushwa kwa nguvu ili uhisi uzito wa kurushwa angani, ya kijani haizungushwi. Tiketi ni ileile, uamuzi ni wako.

Sasa nyongeza wanazokuuzia. Pasi ya kuruka foleni hulipiwa juu ya tiketi, na kwa mwenye kigegezi ni fedha za kutupa. Foleni ya dakika arobaini ndiyo inayokupa nafasi ya kutulia. Ukipanda tatu mfululizo, ya tatu itakulipizia zote. Tiketi ya bustani mbili kwa pamoja huwa nafuu kuliko mbili za kununua mbalimbali, ila inunue pale tu inaporuhusu kuzitumia siku tofauti. Bustani mbili siku moja ni mzigo hata kwa wazima. Na kama mnakwenda Agosti, joto la nje hupita nyuzi 40, nalo joto huchochea kichefuchefu. Bustani ya Yas Waterworld ina maji, ndiyo, lakini ngazi za kupandia mabomba ziko juani.

Ukiwa juu ya rolakosta, egemeza kichwa nyuma na macho yaangalie njia ya mbele. Mabehewa ya mbele ni bora kwako kwa kuwa unaona kona kabla haijakufika. Watu hufumba macho kwa woga, wakati huo ndio wa kuyafumbua. Kwenye bembea za skrini mambo hugeuka: ukiona moyo unaanza kwenda juu, yafumbe, maana picha ndiyo inayokudanganya. Asubuhi kula kidogo, mkate au ndizi. Tumbo tupu halisaidii, na biriani hutaki kuliona mara ya pili.

Dawa zipo za bei ya chini. Stugeron inapatikana katika maduka mengi ya dawa ya kwetu, na humezwa saa mbili hivi kabla ya mwendo. Ukishaanza kutapika, kidonge hakina tena la kufanya. Phenergan nayo hufanya kazi, ila inaleta usingizi mzito, na sioni maana ya kulipa dirham 350 kwenda kusinzia. Muulize mfamasia kwanza, hasa kwa mjamzito na kwa mtoto. Watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili ndio wanaosumbuliwa zaidi na hali hii. Beba dawa ikiwa katika pakiti yake, kwani Umoja wa Falme za Kiarabu una sheria kali kuhusu dawa zinazoingizwa nchini. Baadhi ya zile zenye kodeini, kwa mfano, zinahitaji kibali. Tangawizi wapo wanaoiapia. Haidhuru, na inauzwa kila mahali.

Hukumu yangu ni hii. Kijana anayechafukwa lakini haogopi mwendo aende Ferrari World, siku ya katikati ya wiki. Familia yenye watoto wadogo na mama wa kutapika iende SeaWorld, au jioni Global Village kama ni msimu wake. Warner Bros. World waachieni wenye masikio ya paka. Bei hubadilika kwa msimu, kwa hiyo tazama tovuti ya bustani yenyewe siku unayonunua, na usome masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kulipa. Usitarajie kukuta kichefuchefu miongoni mwa sababu.