Afridi, Watson, Flintoff: Nani Alikuwa Olraunda wa Ukweli na Nani Alibebwa na Jina?

Tarehe 4 Oktoba 1996, pale Nairobi Gymkhana, kijana mmoja wa Pakistan alishika bat akawachapa Sri Lanka mikimbio 100 kwa mipira 37 pekee. Na Sri Lanka hawakuwa watu wa mchezo, hao ndio walikuwa mabingwa wa dunia mwaka huo. Sita 11 zilipaa, rekodi ya dunia ikavunjwa hapa kwetu, na ikakaa miaka 17 hadi Corey Anderson wa New Zealand alipoivunja kwa mipira 36, Januari 2014.

Jina la huyo kijana ni Shahid Afridi. Na manze, ukitaka kuona mashabiki wa kriketi wakikosana, wewe taja tu hilo jina halafu uulize: huyu jamaa alikuwa olraunda wa ukweli, ama siku moja ya Nairobi ndiyo ilimbeba miaka yote?

Kama kriketi si mchezo wako, tulia. Hii story utaielewa.

Olraunda ni nani kwanza?

Kwenye kriketi kuna wapigaji, hao kazi yao ni kutafuta mikimbio. Halafu kuna warushaji, hao kazi yao ni kutoa wapigaji, yaani kuchukua wiketi. Olraunda hufanya zote mbili. Timu ina watu 11 tu, so ukipata msee kama huyo ni kama umeongezewa mchezaji wa 12 bure.

Wajuaji wana hesabu yao ya kuwapima. Wanachukua wastani wa mikimbio anayopata kabla atolewe, hapo namba ikiwa kubwa ndio poa. Halafu wanachukua wastani wa mikimbio anayopeana kabla apate wiketi, na hapo namba ikiwa ndogo ndio poa. Ya kwanza ikishinda ya pili, huyo ni olraunda.

Garfield Sobers wa West Indies alimaliza mechi za Test, zile za siku tano, na 57.78 kwa 34.03. Imran Khan wa Pakistan, 37.69 kwa 22.81. Kwa hao hakuna mjadala. Noma inaanza ukishuka chini kidogo.

Hesabu ikigeuka kichekesho

Cheki Shane Watson wa Australia. Kwenye Test ana 35.19 kwa 33.68. Amepita mtihani. Sasa weka Andrew Flintoff wa Uingereza kando yake: 31.77 kwa 32.78. Amefeli.

Lakini uliza shabiki yeyote wa kriketi angependa nani kwa timu yake. Wengi watakwambia Flintoff bila hata kufikiria. Kwa nini? Mwaka wa 2005, Uingereza walikuwa hawajashinda Ashes dhidi ya Australia tangu miaka ya themanini. Flintoff akaingia na mikimbio 402 na wiketi 24 kwenye hiyo series moja, na kombe likarudi nyumbani. Mtu akikufanyia hivyo, unamsamehe mengi.

Watson naye Test 59 zilimpa centuri 4 tu. Watu wanamkumbuka kwa mpira kumgonga mguu mbele ya wiketi, refa anasema nje, yeye anaitisha video iangaliwe, na video inasema bado uko nje. Yet huyo huyo ameshinda Kombe la Dunia mara mbili, 2007 na 2015. Kwa mechi za siku moja alikuwa moto. Shida yake ni kwamba watu walimpima kwa ile kazi iliyomlemea.

Nairobi ndiyo ilimponza Afridi

Hapa ndipo mimi natofautiana na wengi. Afridi aliletwa Nairobi kama mrushaji wa spin, kujaza nafasi ya Mushtaq Ahmed aliyekuwa ameumia. Hakuitwa kupiga. Ile siku alitumwa mapema ili awasumbue tu Sri Lanka, na mchezo ukamlipukia mkononi.

Kuanzia hapo kila mtu alitaka ile century tena. Alipomaliza, alikuwa na mechi 398 za siku moja na wastani wa mikimbio 23.57. Watu wakasema ametuangusha. Lakini pia alikuwa na wiketi 395! Kazi aliyoandikwa alifanya. Ni sisi tulimhukumu kwa kazi ya ziada.

"Mchezaji wa vipande vipande"

Hiyo ndiyo tusi kubwa kwa olraunda, yaani kidogo huku, kidogo kule, hakuna pahali umetosha. Mwaka wa 2019 wakati wa Kombe la Dunia, mtangazaji Sanjay Manjrekar alimuita Ravindra Jadeja wa India hivyo. Siku chache baadaye kwenye nusu fainali India walikuwa wanazama, Jadeja akaingia akachapa 77 kwa mipira 59. India walipoteza, lakini hakuna aliyemcheka. Leo ana mikimbio zaidi ya 3,000 na wiketi zaidi ya 300 kwenye Test.

So, utawapima aje?

Jiulize vitu tatu. Aliitwa kufanya kazi gani? Ukimnyang'anya moja, bado angepata namba? Na mambo yalipokuwa moto, alikuwa wapi?

Kenya tunajua hii vizuri. Collins Obuya alimaliza Sri Lanka na wiketi 5 pale pale Gymkhana, Kombe la Dunia 2003. Miaka nane baadaye, Kombe la Dunia 2011, akasimama mbele ya Australia na bat akapata 98 bila kutolewa. Kazi mbili, miaka tofauti, mtu mmoja.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na njia mbili zilimshinda fisi. Sawa. Lakini mimi niliacha chuo, saa hii naandika, nashoot video, na wikendi nasaidia beshte kwa duka la simu. Nimeitwa vipande vipande mara mob. Kabla useme msee ameangusha, angalia kwanza amebeba mizigo mingapi.

Wewe ungechukua nani: Watson wa hesabu, ama Flintoff wa 2005?