Darubini ya Bunduki: Namna ya Kuichagua kwa Kanuni za Fizikia

Jua linapokaribia kutua nyuma ya vilima vya Kagera, mnyama aitwaye pongo hutoka katika kichaka alimojificha mchana kutwa, akasimama ukingoni ili ale majani. Rangi yake ya kahawia hufanana na ile ya magome na majani makavu. Mwindaji mwenye kibali, aliye umbali wa mita 80, ana sekunde chache tu za kuamua. Je, huyo ni dume au jike? Nyuma yake pana kilima cha udongo, au pana kibanja cha mtu? Risasi ikimpata penye moyo na mapafu, mnyama hufa upesi. Ikimpata tumboni, hukimbilia kichakani na kufa polepole kwa maumivu makali, na nyama yake hupotea bure. Iwapo mnyama mwenyewe ni nyati, aliyejeruhiwa aweza kumuua mwindaji, au mtu yeyote atakayepita njia hiyo kesho yake.

Kwa mwanafunzi wa Buhembe, katika Manispaa ya Bukoba, huenda jambo hili likaonekana kuwa la mbali. Hata hivyo, kanuni zinazohusika ni zile zile za lenzi na za mwendo zinazofundishwa darasani. Darubini ya mkono ambayo mtu akiwa ufukweni huitazamia kisiwa cha Musira, na darubini inayofungwa juu ya bunduki, ni ndugu wa ukoo mmoja.

Sehemu za darubini

Mwaka 1611 mtaalamu wa nyota Johannes Kepler alieleza darubini yenye lenzi mbili mbinuko. Lenzi ya mbele hupokea mwanga kutoka kwenye kitu kilicho mbali na kufanya taswira yake ndani ya bomba. Lenzi ya jicho huikuza taswira hiyo. Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya umbali wa fokasi wa lenzi ya mbele kwa umbali wa fokasi wa lenzi ya jicho. Ikiwa wa kwanza ni sentimita 20 na wa pili ni sentimita 5, darubini hukuza mara 4.

Taswira ya darubini ya namna hiyo huwa imepinduka, juu chini. Kwa mtazama nyota hilo si taabu, lakini kwa mwindaji ni kikwazo kikubwa. Kwa hiyo lenzi nyingine huongezwa katikati ili kuisimamisha taswira. Mahali taswira inapofanyika huwekwa nyuzi nyembamba au mistari iliyochorwa juu ya kioo, ikipishana kama msalaba. Kwa kuwa msalaba na taswira vipo mahali pamoja, jicho huviona vyote viwili waziwazi kwa mara moja. Hii ndiyo faida kubwa ya darubini kuliko vilengeo vya chuma, ambavyo hulilazimisha jicho kutazama vitu vitatu vilivyo katika umbali mbalimbali. Nchini Marekani, William Malcolm alianza kutengeneza darubini za bunduki mwaka 1855.

Darubini hutambulishwa kwa namba mbili. Maandishi 4×32 maana yake ni kwamba inakuza mara 4, na kipenyo cha lenzi ya mbele ni milimita 32. Maandishi 3–9×40 maana yake ni kwamba ukuzaji waweza kubadilishwa kutoka mara 3 hadi mara 9.

Je, ukuzaji mkubwa ndio bora?

Wanunuzi wengi hudhani hivyo, nao hukosea. Jicho zima la binadamu laweza kutenganisha vitu viwili vinavyofanya pembe ya takribani dakika moja, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Katika umbali wa mita 100 pembe hiyo ni sawa na sentimita 2.9. Kwa ukuzaji wa mara 4, jicho laweza kutambua kitu kisichofikia sentimita 1. Kwa kuwa mahali pa kulenga katika mwili wa swala mdogo pana upana wa sentimita zipatazo 15, ni dhahiri kwamba ukuzaji wa mara 4 unatosha kabisa kwa umbali huo.

Kuongeza zaidi huleta hasara mbili. Kwanza, mtetemo wa mikono nao hukuzwa. Bunduki ikitikisika kwa sehemu ya kumi ya digrii, katika darubini ya mara 4 mtikisiko huo huonekana kama digrii 0.4, katika darubini ya mara 12 huonekana kama digrii 1.2. Pili, upana wa mandhari hupungua. Darubini ya mara 4 huonyesha eneo la mita zipatazo 10 katika umbali wa mita 100. Ile ya mara 12 huonyesha mita 3 hivi tu. Katika nchi ya vichaka, mtazamaji hupoteza muda akimtafuta mnyama. La hatari zaidi ni kwamba haoni mtoto anayechunga mbuzi kando ya shabaha yake.

Mwanga wa machweo

Mwanga unaoingia kwa lenzi ya mbele hutokea nyuma ya lenzi ya jicho kama duara dogo. Kipenyo cha duara hilo ni kipenyo cha lenzi ya mbele kikigawanywa kwa ukuzaji. Darubini ya 4×32 hutoa duara la milimita 8. Ile ya 12×40 hutoa milimita 3.3 tu. Mboni ya jicho hufunguka milimita 2 hadi 3 mchana wa jua kali, na kufikia milimita 7 hivi gizani kwa kijana; kwa mtu mzee hufikia milimita 5 au pungufu. Duara likiwa dogo kuliko mboni, taswira hufifia. Likiwa kubwa kuliko mboni, mwanga wa ziada haumfaidii mtazamaji, ingawa humrahisishia kuliweka jicho mahali pake.

Hapa jiografia yahitaji kukumbukwa. Katika Ulaya ya kaskazini machweo huchukua muda mrefu, na katika nchi kama Ujerumani nguruwe mwitu huwindwa hata kwa mbalamwezi. Ndiyo sababu huko hutengenezwa darubini nzito za 8×56. Bukoba ipo karibu sana na ikweta. Huko jua hushuka karibu wima, digrii 15 kwa saa, hivyo hufika digrii 6 chini ya upeo wa macho kwa muda usiozidi dakika 24 hivi. Baada ya hapo ni giza. Mtu anunuaye lenzi ya milimita 56 huko Kagera hulipia na kubeba uzito mkubwa kwa ajili ya dakika chache.

Jambo muhimu zaidi ya ukubwa wa lenzi ni utando wake. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha nyuma takribani asilimia 4 ya mwanga. Lenzi tano zina nyuso kumi. Mwanga unaopita zote ni 0.96 ikizidishwa yenyewe mara kumi, yaani asilimia 66 tu. Mwaka 1935 Olexander Smakula, wa kampuni ya Zeiss, alivumbua utando mwembamba wa kupunguza upotevu huo. Upotevu ukishuka hadi asilimia 0.5 kwa kila uso, asilimia 95 ya mwanga humfikia mtazamaji.

Mvua, ukungu na teke la bunduki

Bukoba ni miongoni mwa miji ya Tanzania ipatayo mvua nyingi, kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Hewa yenye unyevu ikiingia ndani ya bomba, baridi ya alfajiri huigeuza kuwa umande juu ya lenzi, na darubini huwa haina kazi. Kwa sababu hiyo darubini bora hutolewa hewa, ikajazwa naitrojeni kavu na kuzibwa. Darubini isiyozibwa barabara haifai katika mkoa huo, hata kama lenzi zake ni nzuri.

Yafaa pia kuzingatia kanuni ya tatu ya Newton. Bunduki ya kipenyo cha inchi 0.375, itumiwayo kwa nyati, hutupa risasi ya gramu 19.4 kwa kasi ya mita 770 kwa sekunde. Bunduki yenye uzito wa kilo 4 hurudi nyuma kwa kasi ya mita 3.7 kwa sekunde, bila kuhesabu gesi za baruti. Ikiwa jicho lapaswa kukaa karibu sana na darubini ili lione vema, ukingo wa bomba utalipasua paji la uso. Nafasi ya sentimita 9 au 10 kati ya jicho na lenzi ni ya lazima kwa bunduki yenye teke kubwa.

Njia ya risasi

Darubini hutazama kwa mstari ulionyooka, lakini risasi haiendi hivyo. Risasi itokayo kwa kasi ya mita 850 kwa sekunde hufika mita 100 kwa sekunde 0.118. Kwa muda huo mvutano wa dunia huishusha sentimita 6.8. Katika mita 200 hushuka sentimita 27, na katika mita 300 sentimita 61. Hesabu hizi hazikutia ukinzani wa hewa. Kwa kweli risasi hushuka zaidi. Umbali ukizidishwa mara mbili, mshuko huzidi mara nne.

Aidha darubini hukaa sentimita 4 hivi juu ya mtutu. Kwa hiyo mtutu huelekezwa juu kidogo, ili risasi ikutane na mstari wa kuona katika umbali uliochaguliwa. Skurubu za darubini hufanya kazi hiyo kwa hatua ndogo. Hatua ya robo ya dakika ni sawa na milimita 7 katika mita 100. Darubini ya bei kubwa isiyorekebishwa hivi uwanjani huwa bure.

Jaribio la darasani

Mwalimu hahitaji bunduki. Darubini ya mkono yenye maandishi 8×30 yaelekezwe kwenye anga jeupe, kamwe isielekezwe kwenye jua. Karatasi nyeupe iwekwe nyuma ya lenzi ya jicho na kusogezwa mpaka duara la mwanga liwe na ukingo mkali. Kipenyo chake kikipimwa kwa rula, kitakaribia milimita 3.75. Umbali kutoka lenzi hadi karatasi ndio umbali ambao jicho lapaswa kukaa.

Uamuzi

Kwa uwindaji wa kawaida katika nchi ya vichaka, darubini ya 4×32, au inayobadilika kati ya mara 1.5 na 6, iliyozibwa vema na yenye lenzi za utando, yatosha. Darubini ya bunduki isitumiwe kamwe kumtambua mtu au mnyama asiyejulikana, kwa maana popote inapotazama ndipo mtutu unapoelekea. Kazi hiyo ni ya darubini ya mkono. Tena darubini haimpi mtu ruhusa: leseni ya uwindaji ni lazima, na Burigi, Biharamulo na Kimisi, yaliyokuwa mapori ya akiba, tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ambamo uwindaji hauruhusiwi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika kulima, jembe baya humchosha mkulima peke yake. Katika kuwinda, chombo kilichochaguliwa vibaya huwatesa wengine, na risasi ikishatoka hairudi.