Zabuni za kaunti: Kwa nini ushindani pekee hautoshi

MWAKA wa 2015, Wakenya walipigwa na butwaa habari zilipochipuka kwamba serikali ya Kaunti ya Bungoma ilikuwa imenunua wilbaro 10 kwa bei ya Sh109,256 kila moja. Madukani, wilbaro ya kawaida iliuzwa kwa maelfu machache tu ya shilingi.

Wengi walicheka, ila jambo lenyewe lilikuwa zito. Zaidi ya Sh1 milioni, fedha ambazo zingenunulia zahanati dawa, zilitumika kwa vyombo vya kubebea mizigo. Je, kaunti yenye maafisa wa ununuzi na wahasibu hufikaje huko?

Si kwa kukosa sheria. Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, ilifafanua hatua za kufuatwa.

Kwanza, huandaliwa mpango wa ununuzi wa mwaka unaolingana na bajeti. Zabuni hutangazwa, kisha hufunguliwa mbele ya waliowasilisha maombi. Kamati huzitathmini kwa muda usiozidi siku 30, mkuu wa ununuzi hutoa ushauri wa kitaalamu, na afisa mhasibu huamua. Asiyeridhika ana siku 14 za kuwasilisha malalamishi kwa bodi ya rufaa, nayo hutakiwa kuamua katika siku 21.

Hatua hizo humlinda mfanyabiashara dhidi ya kuonewa. Hata hivyo, hazitoshi kumlinda mlipa ushuru. Iwapo makadirio yalitiwa chumvi tangu mwanzo, au maelezo ya bidhaa yakaandikwa yakimlenga muuzaji mmoja, mshindi atakuwa nafuu miongoni mwa walio ghali. Stakabadhi zitakuwa sawa, lakini umma utakuwa umepunjwa.

Ndiposa kifungu cha 54 cha sheria hiyo kinaagiza kwamba bidhaa za kawaida ambazo bei yake inajulikana zinunuliwe kwa bei ya soko. Mamlaka ya kusimamia ununuzi wa umma nayo hutakiwa kutoa mwongozo wa bei hizo kila robo ya mwaka. Afisa anayepuuza mwongozo huo hawezi kujitetea kwamba zabuni ilitangazwa.

Bidhaa zinapowasilishwa, kamati nyingine huzikagua kabla ya kupokewa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kumalizika. Kufikia wakati huo, mara nyingi fedha huwa zimelipwa na kazi iliyosalia ni kuzisaka.

Kwa hivyo, wakati bora wa kuhoji bei ni pale bajeti na mipango ya ununuzi inapojadiliwa, madiwani na wananchi wakiwa bado na nafasi ya kuikosoa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika kaunti gharama ya ukuta huo humwangukia mlipa ushuru.