Kisima cha Newala na Kisima cha Masasi

Hadithi! Hadithi! Haya, sogeeni karibu. Ya leo ina simu ndani yake, na nyie mkisikia simu masikio husimama.

Palikuwa na fundi mmoja Newala. Jina simpi, kwa sababu mtu nimemtunga mimi. Kazi yake sikuitunga. Newala iko juu, kwenye uwanda wa Makonde. Ukifika Shimo la Mungu ukachungulia, unaliona bonde la Ruvuma kule chini na Msumbiji ng'ambo yake. Ukiishi juu kiasi hicho, maji yako mbali sana chini ya miguu yako. Ndiyo maana bibi zetu walikuwa wakiteremka kwenda kuyatafuta bondeni, kisha wakipanda na mzigo kichwani. Na ndiyo maana nyumba nyingi za huko zina kitu kinachoitwa kisima: shimo lililochimbwa uani, likajengewa kuta, likapigwa saruji ndani, likafunikwa juu. Mvua ikinyesha, maji yanatiririka kwenye bati, yanaingia kwenye gata, yanamwagika humo. Mvua zikikatika, familia inateka. Kujenga visima hivyo ndiyo kazi ya fundi wetu.

Shuka Masasi sasa, kwenye vile vilima vya mawe matupu. Huko ukisema kisima, watu wanaelewa shimo linaloyafuata maji ardhini. Neno ni moja, mashimo mawili: la Masasi linayatafuta maji, la Newala linayangoja. Hapo ndipo hadithi yetu ilipojikwaa.

Fundi wetu alikuwa na mpwa, na mpwa alikuwa na simu. Siku moja mpwa akaja mbio. "Mjomba, nimekuweka mtandaoni!"

"Umeniweka wapi?"

"Kwenye orodha ya biashara. Dunia nzima wanakuona."

"Nimekuuliza wapi. Hata sokoni watu wote wanaonekana, lakini muuza dagaa hakai safu ya vitenge."

Mzee hakuwa amesoma kompyuta, ila sokoni alikuwa ameshasoma yote. Orodha ya biashara ni soko lisilo na ukuta. Ina safu zake, zinaitwa makundi: mafundi bomba hapa, vinyozi pale, madaktari kule. Mteja hamjui fundi kwa jina. Anajua shida yake tu, naye anaifuata shida hiyo mpaka kwenye safu.

Jambo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1878, katika mji wa New Haven huko Marekani, ilichapishwa karatasi moja ya watu wenye simu. Walikuwa 50 tu. Hapakuwa na namba hata moja, maana ulimtajia mtu wa mitambo jina naye akakuunganisha. Lakini hata hao 50 walipangwa kwa kazi zao: madaktari mahali pao, maduka mahali pao, wauza nyama na samaki mahali pao. Namba ilikuwa bado haijafikiriwa, safu ilikwisha fikiriwa.

Basi mpwa alimweka mjomba wapi? Aliandika neno "kisima", orodha ikamletea "Uchimbaji wa visima", akabonyeza. Nani angemlaumu? Siku tatu baadaye simu ikaita kutoka Masasi.

"Fundi, habari za leo? Mashine yako inachimba mita ngapi?"

Mjomba akaitazama sururu yake pembeni ya mlango. "Inategemea," akasema, "nimekula nini asubuhi."

Mwenzake hakucheka. Akakata. Akapiga mwingine, akauliza vilevile, naye akakata. Mkisikia simu zinaita mnadhani biashara imechangamka, kumbe simu za watu waliopotea njia ni hasara: unapoteza muda wako, nao wanaondoka wakikuona mbabaishaji.

Mpwa akaona aibu, akafanya kosa la pili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko la kwanza. Akamhamishia mjomba "Kampuni ya ujenzi". Jina zito, linapendeza kulitamka! Simu ikanyamaza kabisa. Humo walikuwemo wajenzi wa barabara, wa maghala ya korosho, wa majengo ya shule, na katikati yao mzee na sururu yake. Safu pana ina watu wengi, lakini wengi hao hawakutafuti wewe. Kosa la kwanza lilitokana na neno. Hili lilitokana na kutaka ukubwa.

Jioni moja mzee akamwita kijana barazani. Hakumkaripia. Akamwambia, "Nenda kwa watu niliowajengea. Waulize walikuwa wanatafuta nini siku waliyonijia."

Kijana akazunguka nyumba nne. Mama wa kwanza akamwambia, "Mwanangu, sikutafuta mjenzi wala mchimbaji. Kisima changu kilikuwa kinavuja." Wa pili alitaka mahali pa kuweka maji ya mvua. Cha wa tatu nacho kilikuwa kinavuja, na mvua zilikuwa zimekaribia. Babu wa nyumba ya nne alisema kwa mkato, "Tangi la maji, basi. Nilipata hela ya korosho."

Kijana akarudi kwenye orodha. Akatafuta "Kisima cha maji ya mvua", hakikuwepo. Hapa pana jambo la kuelewa, wadogo zangu: kwenye orodha nyingi kundi hulitungi, unachagua katika yaliyopo. Waliotunga makundi hawajawahi kuishi Newala. Kwa hiyo unachukua lililo jembamba kuliko yote ambalo bado ni la kweli, kisha yaliyobaki unayaeleza kwenye maelezo. Akachagua la huduma za matangi ya maji. Chini yake akaandika: kujenga na kuziba visima vya kuvunia maji ya mvua, Newala na jirani zake, hatuchimbi visima vya mashine. Maneno hayo ya mwisho nayapenda kuliko yote. Wachache huwa na moyo wa kuandika wasichokifanya.

Kwenye Ramani za Google, kwa mfano, unaruhusiwa kundi kuu moja na mengine ya nyongeza hadi 9. Kijana alitaka kuyajaza yote. Mjomba ana mifuko ya saruji stoo, basi tuweke na "Duka la vifaa vya ujenzi"! Mzee akakataa. Saruji ile anayo, lakini yeye si duka. Swali ni biashara hii ni nini. Kwamba ina nini ni habari nyingine.

Nikuibieni siri moja, maana kuna mahali ambapo sheria hii ya kumfuata mteja hubadilika. Ukienda kusajili biashara BRELA, utakutana na namba za shughuli zinazoitwa ISIC, mpangilio wa Umoja wa Mataifa ulioanza mwaka 1948. Humo kuchimba visima vya maji kumo kwenye 4220, na ufundi bomba wa majumbani kwenye 4322. Pale usiwaze mteja atakutafutaje. Pale unaandika unachokifanya kweli, kwa sababu anayesoma ni serikali, na serikali haina kisima kinachovuja.

Mvua za kusini huanza kushika Novemba au Desemba, wakati hela za korosho nazo zinaingia mifukoni. Mwezi wa Oktoba simu ya mjomba ikaita. Mpwa akairukia.

"Ndiye fundi wa visima?"

"Visima vipi, mama?"

"Vya mvua, baba. Changu kimepasuka."

Kama nyumbani kwenu kuna fundi, msiguse simu yake kwanza. Nendeni kwa wateja wake wanne, muwaulize kama kijana yule alivyouliza, na mwandike neno lilelile watakalolitamka.