Ligi Kuu ya Joto la Kale

Rekodi ya joto kali ni mashindano ya siku moja: zebaki imepanda, magazeti yameandika, basi. Ligi ya hapa ni ngumu zaidi. Bingwa wake ni yule aliyetuachia namba, au hata alama tu, za kutuwezesha kujua hali ya hewa ya eneo zima ilikuwaje karne nyingi zilizopita. Nimewapanga kwa haki niwezavyo. Mwenye bingwa wake mwingine alete hoja.

1. MKONGWE: Uingereza ya Kati, tangu 1659

Joto la Uingereza ya Kati linajulikana mwezi kwa mwezi tangu Januari 1659. Mwaka huo Wareno walikuwa bado wanaishikilia Fort Jesus, Mombasa, na Waomani wangewang'oa miaka 39 baadaye. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, rejista hii ilikuwa imeshatimiza miaka 240! Kwa vipimo vya themometa, ndiyo inayohesabiwa kuwa ndefu kuliko zote duniani.

Aliyeishona ni mtu mmoja, mwanajiografia Gordon Manley. Mwaka 1953 alichapisha sehemu ya kwanza, na mwaka 1974 akairudisha nyuma hadi 1659. Vitambaa vyake vilitoka kila upande: shajara za watu binafsi, daftari za wapima hewa wa kujitolea, vituo vilivyodumu miaka michache vikafa. Alivilinganisha pale vilipopishana, akapata wastani wa eneo lenye umbo la pembetatu kati ya Lancashire, London na Bristol.

Kazi ilikuwa ya kichaa. Themometa nyingi za mwanzo hazikukaa nje. Mwaka 1723 daktari James Jurin aliwashauri wapimaji kuzitundika ndani ya chumba kinachotazama kaskazini, kisichowashwa moto mara kwa mara. Kalenda nayo ilikuwa mtego, kwani Waingereza waliruka siku 11 mwaka 1752, kwa hiyo tarehe zote za kabla ya hapo zilibidi zisogezwe. Kwa miaka ya 1707 hadi 1722 Manley hakupata vipimo vya kutosha nchini, akaazima vya Utrecht, Uholanzi. Ndiyo, miaka kadhaa ya joto la Uingereza imesimama juu ya themometa ya ng'ambo! Mimi namwachia kombe hata hivyo, maana aliyaandika hayo yote wazi.

Faida yake? Mwezi wenye baridi kuliko yote ni Januari 1795, wastani nyuzi 3.1 chini ya sifuri. Majira ya baridi makali kuliko yote ni ya 1683 hadi 1684, ambapo mto Thames uliganda na Walondoni wakafungua masoko juu yake. Mwaka wenye baridi kuliko yote ni 1740, wastani nyuzi 6.8, ilhali mwaka 2022 ulivuka 11. Pengo la nyuzi nne na kitu ndilo mkazi wa Dar es Salaam analolijua kati ya Februari na Julai, ila huku ni mwaka mzima dhidi ya mwaka mzima.

2. MTANDAO WA KWANZA: Medici, 1654

Manley aliunganisha waliokwisha kufa. Ferdinando II de' Medici, Mtawala Mkuu wa Toscana, aliunganisha walio hai. Kuanzia Desemba 1654 mafundi wa Florence walitengeneza themometa za kioo zenye spiriti na mgawanyo wa nyuzi 50, zote za aina moja, zikapelekwa Bologna, Milan, Innsbruck, Paris na hadi Warsaw. Florence hadi Warsaw ni kama kilomita 1,200 kwa mstari ulionyooka. Msafiri aliyewahi kupanda basi la Dar es Salaam hadi Mwanza anaujua umbali huo kwa mgongo wake.

Mtandao ulikufa kabla ya 1670 kuisha, na namba zake zikabaki karibu bila maana, kwa sababu nyuzi za Medici si nyuzi zetu. Lakini baadhi ya themometa hizo zimenusurika, ziko katika makumbusho ya Museo Galileo, Florence, na mtafiti Dario Camuffo na wenzake wamezitafsiri namba kuwa nyuzi za Selsiasi. Chombo kilichotunzwa kimeokoa daftari lililosahaulika!

3. NIDHAMU: Mannheim, 1780

Hapa hadithi ni fupi. Chama cha hali ya hewa kilichoanzishwa na mtawala Karl Theodor mjini Mannheim, Ujerumani, kiligawa vyombo bure kwa vituo 39, kutoka milima ya Ural hadi Greenland na Massachusetts, kwa sharti moja: soma saa 1 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku, kila siku, popote ulipo. Anayepima alfajiri hawezi kulinganishwa na anayepima adhuhuri. Ratiba hiyo ndiyo dhahabu yenyewe, na saa za Mannheim ziliendelea kutumika Ulaya muda mrefu baada ya chama kufa.

4. UBISHI: Ben Nevis, 1883 hadi 1904

Ben Nevis, Scotland, ndio mlima mrefu kuliko yote Uingereza: mita 1,345. Msicheke, wasomaji wa Nairobi, ambao mnanunua sukuma wiki mita 450 juu ya kilele hicho. Ubishi wenyewe ni huu: juu ya kilele hicho chenye ukungu na theluji, watu walisoma vyombo kila saa, usiku na mchana, kwa miaka 21. Piga hesabu, ni zaidi ya saa 180,000. Theluji ilipofunika mlango, walitokea kwenye mnara.

Kabla ya hapo, kiangazi cha 1881, mpima hewa Clement Wragge alipanda mlima huo kila siku kupima, huku mkewe akisoma vyombo vyake chini mjini Fort William, karibu na usawa wa bahari. Sifa zote kapewa mume. Lakini bila namba za mke, namba za kileleni zisingekuwa na cha kulinganishwa nacho!

5. KONGWE KULIKO THEMOMETA: Suwa, Kyoto na Beaune

Kabla ya themometa watu waliandika kilichotokea, na kilichotokea ni kipimo pia. Makuhani wa ziwa Suwa, Japani, wameandika tangu 1443 siku ziwa linapoganda, kwa imani kwamba mungu hulivuka kwa miguu kumwendea mkewe. Hiyo ni miaka 55 kabla ya Vasco da Gama kuonekana Malindi. Katika miaka 250 ya mwanzo ziwa lilishindwa kuganda mara tatu tu. Kati ya 2005 na 2014 pekee lilishindwa mara tano.

Kyoto ni kongwe zaidi: tarehe za kuchanua kwa maua ya micheri, zilizokusanywa na Yasuyuki Aono kutoka shajara za watawala na watawa, zinaanzia mwaka 812. Mwaka 2021 maua yalichanua kikamilifu tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika zaidi ya miaka 1,200.

Lakini kati ya hizi tatu kura yangu inakwenda Beaune, Ufaransa. Tarehe za kuvuna zabibu zimefuatwa huko tangu 1354, miaka 23 tu baada ya Ibn Battuta kutembelea Kilwa. Wengi waliolipwa ujira wa kuvuna wamesahaulika, ila karatasi za malipo zilibaki, na Thomas Labbé na wenzake wakazipanga hadi 2018. Kisha wakafanya la kibingwa: walizilinganisha na joto la Paris lililopimwa kwa themometa. Miaka yenye vyote viwili ndiyo iliyofundisha zabibu inasema nini, na somo hilo likapelekwa nyuma kwenye miaka isiyo na themometa. Tangu 1988 mavuno huanza wastani wa siku 13 mapema kuliko zamani.

6. KINA: Ziwa Tanganyika

Kina chake ni mita 1,470. Rundika majengo 14 kama KICC ya Nairobi, moja juu ya jingine, ndipo ufike juu ya maji! Vipimo vya themometa vya ziwa hili vinavyotumika kulinganisha vinaanzia 1913, haba mno. Kwa hiyo Jessica Tierney na wenzake walichimba nguzo za tope sakafuni na kusoma mafuta ya vijidudu, ambayo muundo wake hubadilika kufuatana na joto la maji. Mwaka 2010 walitangaza matokeo: joto la uso wa ziwa mwishoni mwa karne ya 20 halikuwa na mfano katika miaka 1,500. Tope limeishinda karatasi.

7. KASI: siku 16

Hili ni la mvua, si la joto, lakini daftari ni zilezile na kiu ni ileile. Majira ya kuchipua ya 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani na korona, Ed Hawkins wa Chuo Kikuu cha Reading aliomba msaada wa kunakili kurasa zaidi ya 65,000 za vipimo vilivyoandikwa kwa mkono. Walijitokeza watu 16,000, zaidi ya nusu ya Uwanja wa Nyayo, Nairobi. Namba zaidi ya milioni tano ziliingia kwenye kompyuta kwa siku 16!

8. ANGUKO: El Azizia

Mwisho turudi kwenye rekodi ya siku moja. Kwa miaka 90 kituo cha El Azizia, Libya, kilitamba na rekodi ya joto ya dunia, nyuzi 58 za tarehe 13 Septemba 1922. Mwaka 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilifungua daftari lenyewe. Likakuta mpimaji mgeni kazini, chombo kisichomfaa, namba zilizoandikwa kwenye safu isiyo yake, na vituo jirani ambavyo havikuona joto la namna hiyo. Kosa lilikadiriwa kuwa nyuzi 7 hivi. Rekodi ikafutwa, na ufalme ukaenda Death Valley, Marekani, kwa nyuzi 56.7 za tarehe 10 Julai 1913.