Ndege wa Uani, na Kesi ya Bundi

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za viumbe tukaao nao uani kila siku pasipo kuwajua. Mtu akiulizwa, "Uani kwako mna nini?" atajibu kwamba mna kuku, mbuzi wawili, mgomba na mpapai. Ni nadra kumpata atakayemtaja shore, chozi, mlamba, mjusi au chura. Na hali hao ndio walio wengi, nao hufanya kazi mchana na usiku bila kudai ujira. Basi tuichunguze kazi yao, kisha tumhukumu kwa haki mmoja wao aliye na jina baya kuliko wote, yaani bundi.

Kwanza yafaa tujue jinsi ya kutazama. Ndege hamwogopi mtu aliyetulia kama amwogopavyo mtu aendaye huku na huku. Chukua kigoda, ukae kando ya ukuta tangu saa kumi na mbili asubuhi hata saa mbili, kabla jua halijawa kali. Uwe na daftari, uandike tarehe, rangi ya ndege, umbo la mdomo wake, na chakula alacho. Mdomo wa ndege ni kama chombo cha fundi. Ukikiona chombo, umekwisha kuijua kazi. Mdomo mfupi mnene wa shomoro ni wa kuvunjia mbegu. Mdomo mrefu mwembamba wa chozi ni wa kufyonzea maji matamu ya maua. Mdomo wa mwewe, uliopindika kama ndoana, ni wa kurarulia nyama.

Litazame ua la mgomba linapofunguka, nawe utamwona chozi amefika. Lakini yeye hali maji matamu tu. Hukamata pia buibui na wadudu wadogo, na hao ndio awalishao makinda yake. Kiota chake huning'inia tawini kama kifuko, nacho hufungwa kwa utando wa buibui. Basi mwenye kufyeka kila ua na kufagia kila utando uani mwake, amemnyima chozi chakula na kamba ya kujengea pamoja.

Mlamba naye ni mweusi, na mkia wake umegawanyika panda mbili. Hukaa juu ya tawi lililo wazi, akaruka ghafula na kumdaka mdudu hewani, kisha akarudi pale pale. Wakati wa kulea makinda humfukuza hata kunguru na mwewe, ambao ni wakubwa kuliko yeye. Mwenye vifaranga vya kuku, naye ana mlamba mtini mwake, amepata mlinzi wa bure.

Na mbayuwayu je? Wako wakaao kwetu mwaka mzima, na wako wageni ambao huzaliana Ulaya, kisha hukimbia baridi ya huko na kuja Afrika. Zamani watu wa Ulaya hawakujua kwa yakini waendako. Mwezi wa Mei 1911, Mwingereza aitwaye John Masefield alimvika mbayuwayu pete ndogo yenye namba mguuni, katika jimbo la Staffordshire. Mwezi wa Desemba 1912 ndege yule yule alionekana Natal, Afrika ya Kusini, na pete yake mguuni. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi, naye alikuwa amevuka bahari na jangwa la Sahara. Huyo ndiye mgeni apitaye juu ya paa zetu akila mbu na nzi, nasi hatumtazami.

Sasa tuijie kesi yenyewe. Katika sehemu nyingi za nchi zetu, bundi akilia juu ya paa watu husema kwamba mtu atakufa nyumbani humo, au kwamba ndege huyo ametumwa na mchawi. Kwa hiyo hupigwa mawe, na makinda yake hutolewa darini yakauawa. Sisemi haya kwa kuwadharau wazee wetu, maana sauti ile katika kimya cha usiku yatisha kweli. Lakini hakimu mwema huwasikiliza mashahidi kabla ya kukata hukumu.

Shahidi wa kwanza ni donge. Yule bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, apendaye kukaa darini, humeza panya mzima mzima. Baada ya saa kadha hutapika manyoya na mifupa, vyote vimeshikamana kama donge jeusi. Okota donge moja, uliloweke katika maji ya vuguvugu, ulifumue kwa vijiti viwili, kisha unawe mikono kwa sabuni. Utaona mafuvu ya panya, mara nyingi zaidi ya moja. Mwalimu akiwafanyisha wanafunzi kazi hii mara moja tu, hawaisahau.

Shahidi wa pili ni panya mwenyewe. Panya wa shamba hufukua mbegu za mahindi zikiisha kupandwa, hata mkulima hulazimika kupanda mara ya pili. Na mavuno yakiingia ghalani, panya huyafuata huko. Jike mmoja aweza kuzaa watoto 10 na zaidi kwa mara moja. Amwuaye bundi amewaondolea panya adui yao, naye atalipa kwa unga wa watoto wake.

Shahidi wa tatu ni mwili wa bundi. Masikio yake hayakulingana. Moja liko juu kidogo kuliko la pili, na kwa hiyo hutambua sauti yatoka wapi, hata aweza kumkamata panya katika giza totoro kwa kusikia tu. Manyoya ya mabawa yake ni laini kingoni, asisikike arukapo. Huyu ameumbwa awe mwindaji wa panya, si tarishi wa mauti.

Mtu ataniuliza, "Mbona bundi alilia, na mgonjwa wetu akafa?" Penye mgonjwa, ndugu yangu, watu hukesha. Wakeshao humsikia bundi, ambaye usiku mwingine hulia wao wamelala. Tena twaukumbuka usiku ule mmoja wa msiba, wala hatuzihesabu siku nyingi alizolia na asubuhi yake wote wakaamka wazima.

Walakini haki yatutaka tuseme pia kwamba si kila ndege afaa. Kwelea wajapo kwa makundi humaliza shamba la mtama. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka. Tangu hapo ameenea pwani, akiiba mayai na makinda ya ndege wengine. Yeye hufuata uchafu, kwa hiyo tukifukia takataka tumempunguzia riziki.

Basi tufanyeje? Kwanza, weka kigae kipana cha maji kivulini, kina chake kisipite urefu wa kidole, na jiwe katikati la kukanyagia. Ubadili maji kila siku, mbu wasipate kuzaana humo. Usikiweke karibu na kichaka awezamo kujificha paka. Pili, ukiwa na nafasi, acha pembe moja ya ua na majani na maua yake, mbali kidogo na mlango. Tatu, jihadhari na sumu ya panya, kwa maana panya aliyekula sumu hutambaa nje, bundi akamla, akafa naye. Afadhali mtego, na ghala lililofungwa vema. Nne, watoto wetu waziweke chini manati na ulimbo, washike daftari na kalamu.

Ama kuhusu bundi wa darini, nawaombeni jambo moja tu. Kabla hamjamtupia jiwe, ingieni kwanza chini ya dari, mkaokote madonge, mkahesabu mafuvu. Hesabu hiyo mkaisome mbele ya wote waliomshtaki, wakubwa kwa wadogo, kisha hukumu itolewe. Kwaherini.