Je, Wajua? Seli Ikielemewa Hujiua

Protini nyingi hazifanyi kazi zake mpaka zikunjwe katika umbo sahihi. Zilizokunjwa vibaya zikirundikana, seli hupiga kengele ya hatari: hupunguza utengenezaji wa protini mpya, huongeza protini saidizi za kukunja, na huvunjavunja zilizoharibika. Mzigo ukiendelea kuielemea, hujiua. Hali hii huchangia vifo vya seli za kongosho zinazotengeneza insulini kwa wagonjwa wa kisukari.

Mwaka 1993, wanasayansi Peter Walter na Kazutoshi Mori, kila mmoja na wenzake katika maabara tofauti nchini Marekani, walibaini kwamba katika seli za hamira, kengele hiyo hupigwa na protini iitwayo Ire1. Mwaka 2014 walitunukiwa Tuzo ya Lasker ya utafiti wa kitabibu kwa kazi hiyo.